Kipande cha Kwanza

Kila asubuhi, kabla bekari haijauza hata mkate mmoja, Siagi alitakiwa kula mbele ya watu.

Ndivyo marehemu baba yake alivyoanzisha kazi, na ndivyo ilivyobaki. Mkate wa kwanza kutoka tanurini unaletwa kaunta ungali unafuka moshi. Mwokaji anaumega kwa mikono yake, anatia kipande kinywani, anatafuna, anameza, kisha anatamka neno moja: "Umekubali." Hapo ndipo kuuza kunaanza. Baba hakutaka cheti cha kutundika ukutani. Watu wamwone mwokaji akila, alisema, basi. Kulikuwa na wateja waliodamka mapema makusudi ili walisikie neno hilo, wakaondoka na mkate kwapani wakijiona wameshuhudia jambo.

Na sasa ilikuwa wiki ya tisa Siagi hali mkate huo.

Alikuwa ameshaukomaza ufundi wake. Anamega kipande kidogo, anakipeleka mdomoni, anageuka nusu kama anayekwepa mvuke, na kipande kinateleza kiganjani hadi mfuko wa aproni. Kisha taya zinafanya kazi ya bure. Anatafuna hewa, anameza mate. "Umekubali," anasema, na foleni inasogea. Kila neno hilo lilipomtoka, uso ulimwaka moto, naye alisingizia tanuri.

Siagi halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alipewa na baba kwa sababu ya mashavu, na mashavu yalikua naye, na mwili nao haukutaka kuachwa nyuma. Alipofika miaka thelathini alikuwa na umbo lililojaza mlango. Kaka yake, aliyeshika kaunta baada ya baba kufariki, aliona fursa. Alimleta mchoraji, na Siagi akachorwa ukutani nje ya bekari, mkubwa kuliko alivyo, anacheka, mkate chini ya kila kwapa. Watoto waliupungia mkono ukuta ule wakienda shule. Yeye mwenyewe alikuwa akiingia kazini kwa mlango wa nyuma, asipite mbele ya mwili wake uliopakwa rangi.

Kilichompeleka kliniki ni tumbo. Lilikuwa linamvimba kila baada ya kula hadi anashindwa kuinama, na magoti yalikuwa yakilia kama bawaba kavu. Nesi akampandisha kwenye mizani. Mshale ulikimbia hadi mwisho, ukagonga chuma, ukabaki unatetemeka. Nesi akaita kwa sauti ya kuuza samaki, korido nzima ikasikia: "Jamani, hii mizani haimtoshi huyu dada! Nileteeni ile ya bohari!" Watu waliokaa kwenye mabenchi waliinua vichwa, wote kwa pamoja. Siagi alisimama pale juu ameshika viatu vyake mkononi, akitamani sakafu ifunuke.

Siku aliyorudi kuchukua majibu, daktari alimwambia kwa upole, "Tumbo lako na ngano havielewani. Acha kabisa. Miezi mitatu, halafu njoo tukuangalie. Na uzito ukishuka, magoti yatapumua." Akageuza karatasi. "Unafanya kazi gani, dada?"

Siagi akatazama vidole vyake, unga umeganda kwenye kucha.

"Niko dukani," akasema.

Basi ikawa hivyo. Kwa daktari aliona haya kusema anaoka mikate, na bekarini akaona haya kusema amekatazwa mikate. Akawa mwongo wa pande mbili, naye hakuwa na kipaji cha uongo. Alikuwa na mfuko tu.

Kilichomshangaza ni kwamba tiba ilifanya kazi. Alikula viazi vya kuchemsha, mayai, mboga za majani, maharage, na wiki ya tatu tumbo likatulia kama mtoto aliyebembelezwa. Alilala usiku kucha. Alipanda ngazi za nyumbani bila kusimama katikati kujifanya anatafuta ufunguo. Kamba za aproni, ambazo zamani zilikutana kwa shida mgongoni, sasa zilifungika fundo na ncha zikabaki zikining'inia. Alikuwa na furaha, na furaha yenyewe akaionea haya, kama mtu anayecheka msibani.

"Wifi," mke wa kaka yake alimwambia asubuhi moja, mikono yake ikiwa imezama kwenye unga hadi viwiko. Yeye ndiye aliyekanda, na ulimi wake haukuwa na likizo. "Hiyo sketi utaibana, au unasubiri ikuage mbele ya wateja?"

"Nina mawazo tu."

"Mawazo gani hayo yanayokula makalio? Nigawie na mimi, kaka yako anasema nimeongezeka."

"Kanda, wifi."

"Nakanda. Na macho ninayo."

Siagi akajitia hamnazo. Lakini wifi hakuwa peke yake mwenye macho. Fundi cherehani wa mlango wa pili, ambaye hakuwahi kukosa mkate wa kwanza tangu enzi za baba, alimvuta kaka pembeni akamnong'oneza kwa sauti iliyosikika hadi jikoni: "Dada yako anaumwa nini? Sema tu, sisi ni majirani." Siku hiyohiyo kaka aliingia jikoni, uso umemkunjamana.

"Siagi, kula basi! Watu wanatazama ukuta, wanakutazama wewe, wananiuliza mwenye picha yuko wapi."

"Nakula, kaka."

"Unakula nini? Upepo? Wiki ijayo matroni wa bweni anakuja kuonja. Mikate mia mbili kila siku, Siagi! Wale wenye mashine mtaa wa juu wameshatunyang'anya hoteli mbili. Tukiikosa hii, mimi nafunga. Sitanii. Nafunga mlango, nauza tanuri kwa wauza vyuma."

Angemwambia siku hiyo. Maneno yalishafika kwenye ulimi. Lakini alimwona kaka yake anavyoipapasa kaunta ya baba kwa kitambaa, akiifuta mahali palipokwisha kuwa safi, na maneno yakarudi yalikotoka.

*

Bekari ile ilikuwa na utaratibu wake wa chumvi. Haikutiwa mwanzoni pamoja na hamira. Baba alishikilia kwamba ikiwahi mno inaitia hamira uvivu. Donge lilikandwa kwanza, likapumzika, ndipo mwokaji akaleta chumvi kwenye bakuli la bati, akainyunyiza kwa mkono wake, na likakandwa tena. Chumvi ilikaa stoo, na stoo ndiko ilikokuwa mizani kubwa ya kupimia magunia ya unga.

Kwa wiki kadhaa mizani hiyo ilikuwa na siri na Siagi. Kila Jumatatu alfajiri alijifungia stoo, akavua viatu, akapanda. Haikumpigia kelele. Haikumwita mtu.

Jumatatu ambayo matroni alikuwa aje, Siagi aliingia stoo, akapima chumvi, akaliweka bakuli juu ya gunia, akapanda mizani. Akasogeza kijiwe cha kupimia. Akakisogeza tena, nyuma, kidogo, kidogo. Kilo kumi na mbili zilikuwa zimeondoka. Alishuka, akapanda upya, asije akawa anaota. Kumi na mbili! Hiyo ni karibu robo ya gunia, aliyokuwa ameibeba mgongoni miaka yote bila kulipwa. Akaziba mdomo kwa viganja viwili, akacheka hadi machozi yakamtoka, akazunguka mara moja pale kwenye vumbi la unga, peku, mtu mzima na akili zake.

"Siagi!" kaka akaita. "Kuni zinaungua bure huku!"

Akavaa viatu mbiombio, akatoka. Bakuli likabaki juu ya gunia.

"Tayari?" wifi akauliza, ngumi juu ya donge.

"Tayari," akasema Siagi, bado kicheko kimo kifuani.

Wifi akakanda. Donge likaumuka upesi kuliko kawaida, likafurika kwenye mabati ya kuokea, na Siagi akasema ni joto. Mikate ikatoka imepauka kidogo, haina ile hudhurungi yake ya kila siku, akasema ni kuni. Mwokaji aliyekaa kazini miaka kumi na minne, aliyekuwa akiujua mkate kwa kunusa tu! Dalili zote zilimpigia hodi, naye alikuwa anahesabu kilo.

*

Matroni alikuwa mwanamke mfupi, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, na alisimama kwenye foleni kama watu wote. Fundi cherehani alikuwa mbele, na nyuma yake watu kumi na kitu. Kaka alikuwa amevaa shati la kola.

"Karibu sana, mama," akamwambia matroni. "Hapa kwetu mkate hauuzwi kabla mwokaji hajaonja. Ni mila ya nyumba hii. Utajionea mwenyewe."

Siagi akaleta mkate, akaumega, akapeleka mkono mdomoni, akageuka nusu. Kipande kikateleza mfukoni. Alitafuna kwa muda mrefu kuliko siku zote, kwa heshima ya mgeni.

"Umekubali!" akasema, kwa sauti kubwa.

Matroni akapokea kipande chake, akatafuna. Taya zikapunguza mwendo, zikasimama. Akameza kama anayemeza kidonge.

"Dada," akasema, "wewe umekula mkate huuhuu?"

"Huuhuu, mama."

"Umemeza?"

"Nimemeza."

"Basi mimi ulimi wangu umekufa leo. Kwa sababu huu hauna chumvi. Hata punje."

Kaka akamega, akatia mdomoni. Rangi ilimtoka usoni pale pale. Fundi cherehani naye akanyoosha mkono, akatafuna, akasema, "Nimewahi kung'ata pamba, lakini ile niling'ata kwa bahati mbaya."

Watu wakacheka. Kaka hakucheka.

"Siagi. Umeonja hapa, macho yetu yakiona. Imekuwaje?"

"Nina mafua," akasema Siagi. "Sisikii ladha."

"Tangu lini? Mbona hujapiga chafya hata moja?"

Siagi aliubana mfuko wa aproni kwa kiganja. Kile kipande bado kilikuwa na joto, kimemgandama pajani.

"Sikiliza," matroni akasema, bila ukali, na hiyo ndiyo iliyouma. "Chumvi inasahaulika. Mimi mwenyewe nimeshapeleka maharage mezani bila chumvi. Lakini nimekuja hapa kwa kuwa nimeambiwa kuna mtu anayeonja. Nina mabinti mia tatu wanaokula chochote nitakachowapelekea, hawana pa kulalamika. Sasa niambie ukweli. Umeonja?"

Siagi akaingiza mkono kwenye aproni. Akakitoa kipande, akakiweka juu ya kaunta, mahali kaka yake anapopenda kufuta. Kilikuwa kizima, hakina alama ya jino.

"Sikuonja," akasema. "Sijaonja wiki tisa. Daktari amenikataza ngano, na nimekuwa nikiwadanganya. Nisameheni."

Hakuna aliyecheka sasa. Kisha mtu nyuma akasema, "Kumbe hata mwenyewe hali!" na foleni ikavunjika. Wawili watatu waliondoka bila kununua. Mama mmoja aliurudisha mkate wa jana, nusu umeshaliwa, akadai hana imani nao. Fundi cherehani alimtazama Siagi kuanzia kichwani hadi miguuni, polepole, kama anayepima kitambaa kilichoharibika.

"Mimi nilikuombea," akamwambia. "Nilijua unaumwa, nikakuombea. Kumbe unakonda kwa makusudi."

Matroni akavaa miwani yake. "Kesho napita hapa nikitoka sokoni," akamwambia kaka. "Nikikuta mnaonja kwa mfuko, siingii."

*

Siagi alikwenda kujificha stoo, akakaa kwenye gunia, na bakuli la chumvi likawa hapo ubavuni mwake, limejaa, limetulia. Alilitazama hadi macho yakamwasha. Alifikiria watu wote waliolisikia neno "Umekubali" kwa siku hamsini na zaidi, wakalipeleka nyumbani kwa watoto wao. Mwizi huiba kitu. Yeye alikuwa akiiba nini? Hakujua, lakini alijua ameiba.

Kaka akaingia, akasimama mlangoni.

"Kesho utarekebisha," akasema. "Utasimama pale pale, utawaambia daktari alikosea. Umepona. Utawaomba radhi kwa kuuacha mkate wa baba, utakula kipande kimoja wakikuona, yaishe."

"Kaka, nikila naumwa. Siku mbili nitakuwa nimejikunja."

"Kimoja, Siagi! Kitakuua?"

"Hakitaniua."

"Basi." Akaelekeza kidole nje. "Yule aliye ukutani ndiye aliyetulisha sisi sote. Wewe unamfuta kidogo kidogo, na hukuniuliza."

Akaondoka. Ilikuwa kweli, na ilikuwa kweli pia kwamba mwenye mwili ule ukutani hakuwahi kuulizwa na mtu yeyote kama anataka kuchorwa.

Baadaye akaja wifi, aproni tatu chafu mkononi. Akaketi kwenye gunia la pili, akapumua kwa kishindo.

"Hizi anafua nani?"

"Wewe, wifi."

"Mimi. Wiki tisa nakung'uta vipande vya mkate mifukoni mwako. Vimekauka, vinalia kama kokoto. Ulidhani nadhani ni panya? Panya gani anaweka akiba kwenye aproni?"

Siagi akafunika uso.

"Ulijua! Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakuchokoza ili useme mwenyewe. Sketi nimeitaja, makalio nimeyataja, nilibaki kukuimbia tu. Wewe mdomo umeushona." Akamsukuma kwa bega. "Leo mimi ndiye niliyekanda donge lisilo na chumvi. Umesema tayari, nikaamini. Aibu hiyo na mimi nimeivaa, wifi. Hilo sijapenda."

"Nisamehe."

"Kwa hilo nimekusamehe." Akasimama, akaokota aproni zake. "Kwa kukonda, usiniombe. Ninachotaka ni ile sketi ukishaiacha."

*

Asubuhi iliyofuata kaunta ilijaa kuliko sikukuu. Habari ya mfuko ilikuwa imetembea mitaa yote, na wengine hawakuja kununua, walikuja kutazama. Fundi cherehani alikuwa wa kwanza. Matroni alifika na kikapu cha vitunguu, akasimama mwishoni.

Siagi alileta mkate wa kwanza. Ulikuwa na hudhurungi yake. Alfajiri alikuwa amelibeba bakuli kwa mikono miwili, akaliinamisha mbele ya wifi hadi likawa tupu, wote wawili wakitazama. Sasa aliuweka juu ya kaunta. Kaka alikuwa amesimama ubavuni mwake, kola imefungwa hadi juu, akimtolea macho ya kusema haya, anza.

"Jana niliwaletea mkate usio na chumvi," Siagi akasema. "Kosa ni langu peke yangu, mkandaji hakukosea. Na kwa wiki tisa nilijifanya nakula mbele yenu na sikula. Huo ni uongo. Nimeuona ubaya wake, na naomba radhi kwenu nyote."

Akaumega mkate. Moshi ukapanda. Kaka akatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, kula. Siagi akageuka, mzima mzima, siyo nusu, akampa kipande wifi yake.

Wifi alifuta mikono kwenye kanga, akakipokea, akakitia mdomoni, akatafuna huku akiwazungushia watu macho mmoja mmoja. Akafungua kinywa wazi kuonyesha hakuna kitu.

"Mnakagua?" akasema. "Mfuko sina. Chumvi ipo. Umekubali!"

Kicheko kikapita kwenye foleni kama maji kwenye mfereji. Matroni akasogea, akaomba kipande, akatafuna hadi mwisho. Akatoa daftari dogo kikapuni, akatafuta kalamu kati ya vitunguu. Kaka akamsogelea Siagi.

"Na lile jingine," akamnong'oneza Siagi, meno yamefungwa. "Omba radhi, mama yule anasikia. Usituharibie."

"Ndiyo," fundi cherehani akadakia, maana masikio yake yalikuwa hayakosi kitu. "Chumvi tumekusamehe. Uongo tumekusamehe. Lakini mkate wa marehemu mzee umeukataa, na mwili alioulea umeutupa. Hapo tunasubiri, binti yangu. Sema umekosa."

Kalamu ya matroni ilikuwa juu ya karatasi, haijaandika. Aibu ikampanda Siagi kutoka tumboni hadi masikioni, ileile ya korido ya kliniki, viatu mkononi, watu wote vichwa juu. Ilikuwa haijaenda popote, na labda haitaenda. Aliiacha imwake usoni, na safari hii hakulisingizia tanuri.

"Mzee wangu," akasema, "nakuheshimu, wewe ulinijua nikitambaa. Nitakuokea kila siku Mungu akinipa uzima, na kila siku utaona mtu akionja. Lakini tumbo lililokuwa linauma ni langu, na magoti ni yangu. Nimeacha ngano na sirudi. Kwa hilo siombi radhi. Si kwako, si kwa kaka, si kwa yule wa ukutani. Siombi."